Motokaa Ikigoma Baada ya Mvua: Tutafute Sababu Kabla ya Kumtafuta Mtu



Mvua za Machi hadi Mei zinapokolea, na tena zile za Septemba hadi Novemba, habari zinazotufikia kutoka mashambani huwa za namna moja. Pikapu ya kukusanya majani ya chai imekataa kuwaka alfajiri. Trekta limezimika bondeni na tela limejaa. Wachumaji wamekaa kando ya njia na magunia yao tangu saa nne, majani yamepata joto na kugeuka mekundu, na yalipofika kiwandani yamekataliwa. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kilo iliyokataliwa ni kazi ya bure, wala haimsaidii kitu kuambiwa kwamba ni injini tu.

Halafu huja sehemu ya pili ya habari, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa chama: dereva ameitwa ofisini. Ameambiwa kwamba amepita kwenye maji bila akili, au ameuza petroli na kujazia maji, na kwamba gharama ya fundi itakatwa katika mshahara wake. Pengine ni kweli. Mara nyingi si kweli. Taabu ni kwamba hakuna aliyefungua boneti na kutazama kwa utaratibu kabla ya maneno kuanza, na injini ikishakauka au ikishaoshwa ushahidi umekwenda.

Kwa hiyo tumeandika makala haya kwa ajili ya dereva, tanboi, fundi msaidizi wa gereji ya shamba, na pia kwa ndugu aliyenunua motokaa kuukuu kwa akiba yake na hawezi kumlipa fundi kila ikinyesha. Tunafikiria zaidi mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda, kule Kabarole, Kyenjojo na Bushenyi, na ya miwa ya Kakira na Lugazi, lakini ndugu wa Kericho au Rungwe atajiona humu vilevile. Tope ni tope.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: mafuta, hewa, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Injini ya dizeli haina cheche; inataka mafuta safi na hewa inayobanwa kwa nguvu hadi ipate moto. Maji ya mvua yanaweza kuharibu kila kimoja katika hivyo, lakini hayaviharibu kwa namna moja, na kila namna ina dalili zake. Asiyejua dalili hubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine mpaka apate kwa bahati. Tumeona motokaa iliyobadilishwa betri, koili na pampu ya petroli, na mwisho kosa likaonekana ni waya mmoja wa ardhi ulioliwa na kutu.

Anza na stata

Kabla ya kushika spana, geuza ufunguo na usikilize. Stata isipozunguka kabisa, au ikitoa sauti ya tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia, shughulika na betri na nyaya zake kwanza, usiguse plagi wala kabureta. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.0 iko karibu na kuisha. Ukizungusha stata na mita ikaanguka chini ya volti 9.6 hivi, betri ni dhaifu au imechoka.

Katika mvua nyingi, hata hivyo, betri husingiziwa sana. Tazama vichwa vyake: ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kama ubao. Fungua, osha kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, sugua mpaka shaba au risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo juu. Ufuate pia waya mnene wa ardhi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Mahali unapofungwa na boliti ndipo tope linapokaa na kutu inapoanza, na wengi hawautazami kwa sababu hauonekani kutoka juu.

Kitu kingine ni mkanda wa feni. Ukiwa umelegea au umechakaa, ukilowa unateleza na kupiga kelele, na jenereta haichaji. Dereva anawasha taa, waipa na feni ya kioo kwa sababu ya mvua, safari nzima betri inatoa bila kurudishiwa, na asubuhi inakuta mtu mwingine.

Stata isizungushwe zaidi ya sekunde kumi na tano kwa mara moja. Ipumzishe dakika moja. Na kama stata inatoa kishindo kimoja, tok, kisha inakwama kama imeshika ukuta, na motokaa ilipita majini, ACHA HAPO HAPO. Hilo ni jambo jingine na tutalifikia.

Umeme na maji

Stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Kwa motokaa ya zamani yenye distribyuta, na bado ziko nyingi mashambani, tungeanza hapa. Koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi zaidi ya volti 20,000 ili ziruke kwenye mwanya mdogo wa plagi. Umeme wenye nguvu namna hiyo haukubali kuchagua njia ngumu ukiiona nyepesi. Unyevu uliochanganyika na vumbi na oili juu ya waya au ndani ya kifuniko cha distribyuta ni njia nyepesi. Basi cheche inaishia pembeni, na plagi haipati kitu.

Njia rahisi ya kuona kosa hili haigharimu senti. Ngoja giza, au ingiza motokaa ndani ya banda lenye kiza, fungua boneti, tanboi azungushe stata. Utaona nyuzi nyembamba za buluu zikitambaa juu ya nyaya, au zikiruka kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma. Pale zinapotokea ndipo penye kosa. Weka mikono na nguo mbali na feni, wala usishike nyaya hizo injini ikizunguka.

Sasa kausha. Chora kwanza kwa chaki waya upi unakwenda silinda ipi, maana nyaya zikichanganywa utakuwa umejitengenezea kosa la pili. Fungua kifuniko cha distribyuta, kipanguse ndani na nje kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, pangusa rota, pangusa nyaya kwa urefu wake wote, pangusa kichwa cha koili. Kifuniko kinaweza kukaa juani nusu saa, au ndani jikoni penye joto, mbali na motokaa. Ukitumia dawa ya kopo ya kufukuza maji, ngoja ipotee kabla ya kuwasha; nyingi zinashika moto.

Kabla ya kukirudisha, kitazame ndani kwa makini kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, kutoka kwenye kidomo kimoja cha chuma hadi kingine, huo si uchafu. Umeme umechoma njia yake ndani ya plastiki na kuacha kaboni, na kaboni hupitisha umeme hata kukiwa kikavu. Mwingine atakwambia ukwangue kwa kisu. Itakufikisha nyumbani, lakini kifuniko hicho kimekwisha, na ni kipuri cha bei ndogo kuliko siku moja ya lori kulala.

Motokaa nyingi zinazoletwa kutoka Japani zikiwa zimetumika hazina distribyuta tena. Kila plagi ina koili yake iliyoketi juu yake, ndani ya shimo refu katika silinda hedi. Wengi hufikiri kwamba hizi hazisumbuliwi na mvua. Zinasumbuliwa sana, ila kwa namna nyingine: raba ya juu ikizeeka, maji yanayotiririka chini ya kioo cha mbele huingia kwenye shimo na kukaa kimya kuizunguka plagi. Injini inawaka, lakini inatetemeka na kukosa nguvu, na taa ya injini inapepesa kwenye dashibodi. Taa hiyo ikipepesa, maana yake silinda inakosa kuwaka na petroli mbichi inakwenda kuchoma kisafishaji kilichomo kwenye ekzosi. Punguza mwendo, usimame mapema.

Fundi mwenye mashine ya kusomea makosa atakuta namba kama P0301, yaani silinda ya kwanza inakosa kuwaka, au P0302 kwa silinda ya pili, na kuendelea. Hapo ndipo mwenye motokaa anapouziwa koili nne mpya. Namba ile inataja silinda, haitaji sababu. Mwambie fundi atoe koili ya silinda ya kwanza aiweke ya pili, na ya pili aiweke ya kwanza, afute kosa, motokaa iendeshwe kidogo. Kosa likihamia silinda ya pili, koili ni mbaya. Likibaki ya kwanza, koili haina hatia. Tazama plagi, tazama maji ndani ya shimo, tazama soketi yake kama ina kijani cha kutu. Kazi ya dakika ishirini imeokoa pesa ya wiki.

Tuseme neno hapa juu ya jua, ambalo ndilo shahidi bora kuliko mafundi wote. Motokaa ikigoma alfajiri, kisha saa tano jua likiwaka inawaka yenyewe bila mtu kuigusa, na kesho alfajiri inagoma tena, hilo ni kosa la umeme unaolowa. Maji yaliyomo ndani ya tangi hayakauki kwa jua la nusu siku. Dereva anayeandika saa ambayo injini iligoma na saa ambayo ilikubali amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi.

Na panya asisahaulike. Mashimo yake yakijaa maji hutafuta pakavu penye joto, na juu ya injini ni pazuri mno. Ukikuta majani makavu na vipande vya gunia juu ya silinda hedi, fuata nyaya moja moja kwa vidole.

Mafuta yenye maji

Umeme ukiwa mzima, toa plagi moja baada ya kuzungusha stata na uinuse. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikilowa na kunuka petroli, mafuta yanafika na cheche haipo, au injini imezidiwa na petroli. Kwa motokaa za sindano, kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukizungusha, na nyingi zitajisafisha. Ikilowa bila harufu kali, ipanguse kwenye karatasi. Petroli itapotea ukitazama. Maji yatabaki na kuikunja karatasi.

Maji huingia kwenye tangi kwa njia kadhaa, na tunataka zijulikane moja moja, kwa sababu hapa ndipo dereva anapoitwa mwizi. Tangi lililo nusu tupu hupumua: mchana hewa inatanuka na kutoka, usiku hewa yenye unyevu inaingia, inapoa, na matone yanashika kwenye chuma na kuteremka. Usiku mmoja ni kidogo sana, lakini majira mazima ya mvua, kwenye gari lisilojazwa, ni jambo jingine. Pili ni kifuniko cha tangi kilichokatika raba. Tatu ni madebe na mapipa. Pipa la shamba lililosimama nje wima hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko chake, na joto likipungua usiku pipa huvuta maji yale ndani kupitia nyuzi za kizibo. Pipa lilazwe ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa wa saa tatu na saa tisa, au liwe chini ya paa. Nne ni tangi la kituo cha mafuta lililoingiliwa na maji ya ardhini. Tano ndiyo wizi, nao upo, hatukatai. Lakini ni ya tano.

Kipimo ni chupa. Chukua chupa safi ya kioo, ya soda inatosha, ukinge mafuta kutoka chini ya tangi au kwenye mpira unaoingia kwenye kabureta, mbali na moto na sigara. Iache itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo yatalala chini na utaona mpaka wazi kati yao. Kisha, na hili ndilo muhimu, kinga chupa ya pili kutoka kwenye pipa la shamba lile lile motokaa lilikojazwa. Kama chupa mbili zina maji, dereva hakuyatia yeye.

Katika dizeli hatari ni kubwa zaidi. Pampu na nozo za dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na vyuma vyake vimekaribiana mno. Maji hayalainishi, yanakwaruza na kuleta kutu. Ndiyo sababu chujio la dizeli lina bakuli chini na skrubu ya kumwagia maji. Majira ya mvua imwagwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, si wakati taa nyekundu ikishawaka. Ukikuta utelezi mweusi kama kamasi ndani ya chujio, ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Kubadilisha chujio peke yake hakutoshi, tangi lioshwe.

Hewa hatutaikawilia. Chujio la karatasi likilowa hujifunga, na injini inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani. Likivimba au kuchanika litupwe. Land Rover za zamani zenye chujio la bakuli la oili: fungua utazame, oili ikiwa na rangi ya maziwa imwage. Liko pia jambo moja linalochekesha watu wa mabonde kwa kuwa hawajaliona: asubuhi za baridi na ukungu huko milimani, kabureta inaweza kushika barafu ndani yake, maana petroli inapogeuka mvuke inachukua joto. Injini inafifia na kuzima baada ya mwendo mfupi, unangoja dakika tano, inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Mara nyingi utakuta bomba la kuvuta hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi limeng'olewa na fundi fulani aliyeliona halina kazi.

Maji ndani ya silinda

Sasa turudi kwenye ile sauti ya tok.

Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Injini ya petroli ya lita 2 yenye silinda nne ina sentimita za ujazo 500 katika kila silinda. Kama ubano wake ni 10 kwa 1, pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni kama sentimita 55 tu, yaani karibu vijiko vinne vya chakula. Dizeli ya ukubwa uo huo yenye ubano wa 18 kwa 1 inabakiwa na sentimita kama 30, vijiko viwili. Maji yakizidi hapo, pistoni inapanda na kugonga kitu kisichokubali kusogea. Kitakachokubali ni konrodi. Inapinda.

Motokaa ikizimika ndani ya maji, dereva asijaribu kuiwasha tena hata mara moja. Isisukumwe ili iwake, wala isivutwe na trekta ikiwa ndani ya gia. Nguvu ya kuvuta ni kubwa kuliko ya stata na itapinda kilichokuwa bado kizima. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wasimamizi wengine hutoa amri hiyo hiyo, "vuteni iwake," wakiwa wamesimama pakavu. Ivutwe ikiwa huru, ipelekwe penye ardhi kavu.

Fungua kwanza chujio la hewa. Likiwa limelowa na lina mchanga, maji yamepita huko. Likiwa kavu na bomba lake kavu, huenda ni umeme tu uliolowa. Kama limelowa, toa waya wa betri, toa plagi zote, kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki. Simama pembeni, maji yatatoka kwa kuruka. Yakishatoka, toa fyuzi ya pampu ya petroli, tenga koili, rudisha waya wa betri, na uzungushe kwa stata kidogo kidogo mpaka mashimo yakauke. Tia oili kijiko kidogo katika kila silinda. Kwa dizeli zinatolewa nozo au plagi za moto, na hiyo ni kazi ya fundi. Usikawie siku tatu. Kutu katika kuta za silinda haingoji.

Kuna jambo ambalo kila katibu wa tawi anapaswa kulijua. Konrodi iliyopinda kidogo haivunjiki siku ile. Injini inakaushwa, inawaka, watu wanashangilia, na gari linarudi kazini likiwa na mtetemo mdogo au sauti ya kugonga ambayo kila mtu anaizoea. Baada ya siku au majuma, konrodi inakatika barabarani na kutoboa bloki. Basi dereva wa Jumatatu anadaiwa injini iliyopindishwa Ijumaa na mwingine, au iliyopindishwa na amri ya kuvuta. Baada ya motokaa kuzimika majini na kuwashwa tena, fundi apime mbano wa kila silinda na namba ziandikwe kwenye karatasi. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, iulizwe sasa.

Oili, rejeta, na mambo yanayotisha bure

Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha injini yoyote iliyolala katika maji. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au imepanda kupita alama, ina maji. Isiwashwe hata "kwa kujaribu". Acha gari litulie usiku, kisha legeza boliti ya sampu taratibu: maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Badilisha oili na chujio, endesha kidogo, badilisha tena. Lakini kama motokaa haikuingia majini na oili ni ya maziwa, huku maji ya rejeta yanapungua na moshi mweupe hauishi, mvua haihusiki. Tazama gasketi ya silinda hedi.

Usiogope, kwa upande mwingine, krimu nyeupe kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili wakati kijiti ni safi. Ni mvuke uliopoa, hasa kwa magari yanayokwenda safari fupi fupi bila kupata moto. Mpeleke mwendo mrefu. Wala usiogope maji yanayodondoka kwenye ekzosi asubuhi. Petroli ikiungua hutengeneza maji, karibu lita moja ya maji kwa kila lita ya petroli, na bomba likiwa baridi ndiyo unayoyaona.

Mvua zikikatika huja ugonjwa wa mwisho. Tope lenye majani limejaa mapezi ya rejeta na kukauka kama tofali, na siku ya kwanza ya jua kali injini inachemka. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, usisukume tope ndani zaidi. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa cha moto. Hapo tuongeze lawama kidogo kwetu sote: yako mashamba ambako Jumamosi injini huoshwa kwa mpira wa nguvu ili iwe safi machoni pa meneja, na Jumatatu hakuna gari linalowaka. Mvua haikunyesha kabisa.

Maandishi

Kila tunalolisema hapo juu lina faida mbili: gari lirudi kazini, na ukweli ujulikane. Dereva awe na daftari lake mwenyewe, mbali na lile la kampuni. Aandike tarehe, njia aliyopita, nani aliyemtuma apite, kina cha maji, alijaza mafuta wapi na saa ngapi, injini iligoma vipi, nani alifungua boneti na alikuta nini. Tanboi atie sahihi kama shahidi. Kasoro kama kifuniko cha tangi kisicho na raba iandikwe na kupelekwa kwa msimamizi kabla ya mvua, na nakala ibaki.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kutokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Neno ni la makusudi. Unyevu ndani ya distribyuta haumhusu, wala pipa la shamba lililoachwa wima mvuani. Uganda ina Sheria yake ya Ajira ya 2006, na mfanyakazi asitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali kukatwa kabla hajaipeleka kwa katibu wa tawi, hata akiambiwa ni ya kawaida tu na kila mtu ametia.

Zile chupa mbili, ya tangi na ya pipa, zifungwe vizibo mbele ya mashahidi wawili, ziandikwe tarehe na namba ya gari, na zihifadhiwe mahali penye baridi, mbali na moto, chini ya ulinzi wa chama. Zisiachwe kwenye stoo ya shamba.